Kuiga au Kuigiza? Uhakiki wa Programu Zinazofufua Programu za Kale

Utangulizi

Katika idara nyingi za lugha kuna sanduku la disketi ambalo hakuna anayethubutu kulitupa wala anayejua namna ya kulisoma. Ndani yake mna orodha za msamiati, mitihani, mazoezi ya ngeli na rasimu za tasnifu zilizochapwa enzi za DOS. Makala haya yanahakiki njia moja ya kuyafikia maandishi hayo, nayo ni kutumia programu inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Kwamba njia hiyo inafanya kazi halina ubishi. Linalotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili ni kujua inatuhifadhia nini na inatuachia nini tukifanye wenyewe.

Suala la istilahi

Awali ya yote tuliangalie jina. Wapo wanaosema emyuleta, na wapo wanaosema programu ya kuigia. Mimi nitatumia neno kiigizi, na sababu yangu ni hii. Mtoto anayefuatisha herufi za mwalimu wake anaiga. Mtu anayepanda jukwaani akavaa joho la mfalme, akajibu kila aulizwalo kama mfalme, huyo anaigiza. Programu iitwayo DOSBox, iliyoanza kutolewa mwaka 2002, hufanya hili la pili. Programu ya kale huuliza: je, kuna prosesa ya Intel hapa? Kuna kadi ya sauti ya Sound Blaster? DOSBox hujibu kwamba vipo, kisha hutenda kila ambacho vifaa hivyo vingetenda. Programu ya kale haijui kwamba iko jukwaani.

Inafaa pia tutofautishe kiigizi na programu kama VirtualBox. Hiyo huunda kompyuta ndani ya kompyuta, lakini kazi kubwa huiachia prosesa halisi iliyomo mezani. Kiigizi kamili huigiza hata prosesa yenyewe.

Kwa nini tunakihitaji

Programu nyingi za DOS ziliandikwa kwa ajili ya prosesa za biti 16. Matoleo ya Windows ya biti 64 hayaziendeshi, na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haina toleo la biti 32 la kukimbilia. Mwalimu anayebofya programu yake ya mwaka 1993 huambiwa tu kwamba haifai kwa kompyuta yake.

Ndani ya DOSBox mambo ni mepesi. Mtumiaji hutenga folda moja, akaitambulisha kwa amri ya mount, na folda hiyo ikawa ndiyo diski C ya kompyuta inayoigizwa. Hata kasi inapunguzwa. Jambo hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwani baadhi ya programu za zamani zilipima muda kwa kuhesabu mizunguko ya prosesa. Zoezi lililompa mwanafunzi sekunde kumi za kujibu, likiendeshwa kwa kasi ya leo, humalizika kabla hajasoma swali. Kwa kubonyeza Ctrl na F11, kasi hushuka hadi mwanafunzi apate kupumua.

Tulichokipata

Nitoe mfano wa jambo nililolishuhudia. Mwalimu mmoja mstaafu alituachia orodha ya maneno ya uvuvi, aliyoikusanya kwa miaka mingi na kuiandika kwa WordPerfect 5.1, programu iliyotoka mwaka 1989. Miaka ya nyuma mtu fulani aliigeuza orodha hiyo kuwa matini tupu ili isomeke katika kompyuta mpya. Sote tuliitumia nakala hiyo, tukaisifu, na wanafunzi wawili wakaijengea tasnifu zao.

Siku tulipoifungua faili ya asili ndani ya DOSBox, tulikuta vijisanduku kati ya maneno. WordPerfect ilimruhusu mwandishi kuweka maelezo yanayoonekana kwenye skrini bila kuchapwa kwenye karatasi. Ndani ya vijisanduku hivyo mzee alikuwa ameandika mashaka yake: neno hili nimelisikia kwa mtu mmoja tu, hili huenda ni la bara, hili nirudi kuliuliza tena. Katika nakala tuliyoitegemea mashaka yote yalikuwa yamepotea, na maneno yote yakawa na hadhi sawa. Wanafunzi wetu walikuwa wametaja kama hakika kile ambacho mkusanyaji mwenyewe hakukiamini.

Hapa kiigizi kinastahili sifa zote. Kuhamisha maandishi ni kufasiri, na kila mwenye kufasiri huchagua cha kuacha. Kiigizi huturudisha kwenye matini ya asili.

Kasoro zake

Hata hivyo, sifa hizo zisitupofushe. DOSBox ilitengenezwa hasa kwa ajili ya michezo ya kompyuta, na mwenye kazi ya ofisi huliona hilo upesi. Toleo lake la kawaida halina njia ya kuchapa kwenye printa. Anayetaka kuchapa hulazimika kutafuta toleo dada liitwalo DOSBox-X. Majina ya faili hubaki yale ya herufi nane na tatu za mwisho, hivyo "Methali za Pwani" hugeuka kuwa kitu kama METHAL~1. Aidha, kiigizi hakisomi disketi iliyoota ukungu. Anayengoja mpaka apate kiigizi bora huenda akakipata wakati sumaku ya disketi imekwisha kufa.

Kuna pia suala la haki. Programu haiwi mali ya umma kwa sababu tu imezeeka. Idara yenye leseni yake ya zamani iitafute na kuitunza pamoja na disketi.

Lakini kasoro kubwa zaidi imo katika mikono yetu. Katika WordPerfect ile kitufe cha F1, ambacho sasa tumezoea kukibonyeza tukitaka msaada, kilikuwa cha kughairi. Msaada ulikuwa F3, na kutoka ilikuwa F7. Watumiaji waliweka juu ya kibodi karatasi yenye orodha ya vitufe. DOSBox ilitufufulia programu, karatasi ile haikuja nayo. Tulikaa nusu saa tukiwa hatuwezi hata kutoka, mpaka tulipompigia simu aliyekuwa katibu muhtasi wa idara. Alicheka, akasema, "Wanangu, vidole vyangu vinakumbuka kuliko mimi. Nipeni kibodi." Tulimfuata, akatufundisha mchana mmoja, nasi tukaandika kila alichosema.

Kiswahili cha kwenye skrini

Ipo sababu nyingine inayotuhusu sisi hasa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Wanafunzi wanaoandika kuhusu istilahi za kompyuta hupenda kujadili orodha za maneno: kompyuta, tarakilishi au ngamizi, kipanya, puku au kiteuzi. Mjadala huo ni mzuri, ila orodha haikuonyeshi neno likiwa kazini. Haionyeshi kama kitenzi kilichochaguliwa kimeenea ndani ya kitufe, kama ujumbe wa kosa unamheshimu msomaji au unamkaripia, wala kama neno moja limetumika kwa dhana mbili katika menyu mbili. Mambo hayo huonekana programu inapoendeshwa, na njia salama ya kuiendesha programu ya aina hiyo leo ni ndani ya mfumo wa zama zake. Kuhakiki istilahi za Jambo bila kuifungua ni sawa na kuhakiki tamthilia kwa kusoma orodha ya wahusika.

Funzo kutoka Uingereza

Wanaodhani tatizo hili ni la vyuo maskini tu wakumbuke mradi wa Domesday wa BBC. Mwaka 1986, ili kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, BBC ilikusanya maandishi na picha za maisha ya Uingereza na kuvitia katika diski za leza zilizohitaji kompyuta maalumu. Baada ya miaka kama kumi na mitano, mashine za kuzisoma zilikuwa zimekuwa adimu, ilhali kitabu cha 1086 kilikuwa kingali kinasomeka. Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha kiigizi kilichoweza kuuendesha mradi huo tena. Waliweza kwa sababu bado palikuwa na mashine chache nzima na watu waliozijua.

Hitimisho

Hukumu yangu ni kwamba kiigizi ni chombo chema cha kusomea, na ni ghala bovu la kuwekea. Tukitumie kuona mwandishi aliona nini, kisha tuyatoe maandishi pamoja na maelezo yake na kuyaweka katika muundo ulio wazi, huku faili ya asili ikibaki bila kuguswa. Pamoja nayo tuweke ukurasa mmoja wa maelezo: programu gani, toleo gani, vitufe gani. Na kabla ya yote hayo, tuwatembelee wazee walioziandika kazi hizo wakiwa bado wanaweza kutujibu. Wale wanafunzi wawili wameanza kurekebisha tasnifu zao, na mmoja amekwisha kwenda kumuuliza mzee kuhusu neno lililokuwa na alama ya shaka. Mzee alifikiri kidogo, akamwambia, "Hilo bado sina hakika nalo. Andika hivyo."