Kazi Yote Iko Kwenye Gundi

Simu ikipasuka mgongo, mwenye simu huulizia kioo. Fundi mzuri huulizia gundi. Mpwa wangu amebadilisha kioo cha nyuma cha Samsung Galaxy S10 yake mezani kwao, Tabata, nami nilikuwa pembeni tangu mwanzo hadi mwisho. Naichambua kazi hiyo hapa kwa sababu imetoka vizuri, na kwa sababu video nyingi za mafunzo hutumia muda wote kwenye kubandua kioo, hatua inayopendeza macho, kisha zinairuka ile inayoamua kama simu itadumu.

Tuanze na kwa nini simu ina kioo mgongoni. Sababu kubwa ni chaji isiyo na waya. Koili iliyo ndani ya simu hupokea nguvu kutoka kwenye uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi. Ukiweka bamba la chuma katikati, chuma chenyewe kinaimeza nguvu hiyo na kupata moto. Kioo kinaipitisha. Samsung walihamia kwenye mgongo wa kioo na Galaxy S6 mwaka 2015, na Apple, waliokuwa wamekaa na alumini kwa miaka, wakarudi kwenye kioo mwaka 2017 walipotoa iPhone 8 na X.

Kioo hicho si cha dirishani. Mgongo wa S10, iliyotoka mwaka 2019, ni Gorilla Glass 5 ya kampuni ya Corning. Kioo cha aina hii hutumbukizwa kwenye chumvi iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 400 hivi, ambamo ioni ndogo za sodiamu hutoka kwenye kioo na nafasi zao huchukuliwa na ioni za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi. Uso wa kioo unabanana, na mbano huo ndio unaozuia mkwaruzo usigeuke ufa. Tabaka hilo lililobanana ni jembamba mno, na chini yake kioo kiko katika hali ya mvutano. Pigo likipenya hadi huko, kama simu inapotua kwa kona kwenye ngazi ya saruji, ufa hukimbia wenyewe. Huu wa mpwa wangu ulianzia kona ya chini ukapanda hadi kwenye kamera.

Kabla ya kugusa chombo chochote, kuna swali moja la kujibiwa: kioo hiki kimeshikiliwa na nini? Kwenye iPhone 4 ya mwaka 2010 kilishikiliwa na skrubu mbili tu chini. Ukizitoa, mgongo unasukumwa juu kidogo na kutoka. Kuanzia iPhone 8 hadi 13 mambo yaliharibika. Kioo kiligandishwa kwenye fremu kwa gundi ngumu isiyotaka kulegea, na pete za chuma za kamera zikaunganishwa na fremu kwa kuchomelewa. Kukitoa ni kukivunja kipande kwa kipande, au kumpelekea fundi mwenye mashine ya leza inayounguza gundi kupitia kwenye kioo. Kazi hiyo siishauri nyumbani hata kidogo, kwani vumbi la kioo na koili ya chaji iliyo chini yake havisamehi.

Kisha mwaka 2022 Apple wakatoa iPhone 14 yenye mgongo unaofunguka tena, ila 14 Pro wakaiacha na mpangilio wa zamani. Bei rasmi za Marekani kwa mteja asiye na bima zilieleza yote: kubadilisha mgongo wa iPhone 14 kulikuwa dola 169, wa 14 Pro dola 499. Kampuni ileile, mwaka uleule, mgongo wa kioo kwa zote mbili. Pengo hilo lote limetoka kwenye uamuzi wa mtu aliyekaa kwenye meza ya usanifu, na nasikitika kwamba mnunuzi haoni chochote cha kumwonya wakati analipa.

Galaxy S10 iko upande wa rehema. Kioo chake kimeshikwa na utepe mweusi wa gundi unaozunguka ukingo, na utepe huo hulegea ukipata joto. Tena haina waya wowote uliofungwa kwenye kioo. S8 na S9 zilikuwa na kitambuzi cha alama za kidole mgongoni, na fleksi yake, yaani waya wake bapa mwembamba, inakatika kirahisi ukifungua kwa pupa. S10 ilikihamishia chini ya skrini.

Kazi ilianza na betri. Mpwa wangu aliitumia simu hadi chaji ikashuka chini ya asilimia 25, akaizima. Betri ya lithiamu ikitobolewa kwa bahati mbaya inaweza kuwaka, na iliyojaa huwaka kwa ukali zaidi. Tahadhari hii haigharimu chochote, nami nimeona mafundi wengi wakiiacha.

Ikafuata seloteipu pana, ile ya kufungia maboksi, juu ya mgongo wote, mistari ikipandana. Teipu ina kazi mbili. Inashika vipande visiruke, na inakipa kile kikombe cha mpira cha kuvutia kioo mahali pasipovuja hewa, maana kwenye kioo chenye nyufa tupu kikombe hakinati. Miwani ya kujikinga alivaa tangu hapo, hakuivua hadi meza ilipofutwa.

Joto alilipata kwa draya ya nywele. Karakana zenye sahani ya joto huiweka kwenye nyuzi 80 hivi. Nyumbani kipimo ni kidole. Draya hutembezwa kwenye ukingo mmoja bila kusimama, dakika moja au mbili, hadi kioo kiwe cha moto kiasi kwamba kidole hakitaki kukaa. Joto likizidi hapo linaelekea kwenye betri, na skrini ya upande wa pili nayo imeshikwa na gundi. Anayepasha mgongo kwa papara anaweza kukuta skrini imeanza kuachia mbele. Kwa hiyo simu ililazwa kifudifudi juu ya taulo lililokunjwa, na kila ilipopata moto zaidi ya haja aliipumzisha.

Mlango wa kuingilia ni ukingo wa chini. Pande ndefu za S10 zimepinda, na plastiki ikiingizwa pale huteleza au huvunja kioo zaidi. Alivuta kikombe kwa nguvu ndogo isiyokatika, akisubiri.

"Mjomba, imeachia."

Ilikuwa nafasi ya unene wa unywele. Akadondosha tone la alkoholi ya isopropili kwa sindano, akapenyeza kipande chembamba cha plastiki cha kupigia gitaa, akakiacha palepale ili gundi isishikane tena, akachukua cha pili kuendelea pembeni. Plastiki iliingia milimita chache tu. Katikati ya mgongo, chini ya kioo, kuna koili ya chaji na antena ya NFC, na chini yake betri. Hakuna gundi ya kukata huko, kwa hiyo hakuna sababu ya kufika. Kwenye kona iliyopasuka kioo kilitoka vipandevipande. Alivitoa kwa kibanio, kisha akazima taa ya chumba na kumulika fremu kwa tochi iliyolazwa karibu usawa wa meza. Mwanga wa pembeni namna ile huwasha kila kichembe cha kioo, hata vile ambavyo taa ya juu haivionyeshi.

Hapo video nyingi zinaonyesha kioo kipya kikibandikwa. Kwa mpwa wangu kazi kubwa ndiyo kwanza ilianza.

Fremu ya S10 ina kijia chembamba ambacho kioo hukalia, na kijia hicho kilikuwa kimejaa mabaki ya gundi ya zamani. Bonge dogo likibaki, kioo kipya kinakaa juu yake, pembeni panabaki uwazi, na vumbi na maji vinapitia hapo. Aliyasukuma mabaki kwa ukingo wa kadi ya plastiki yakajiviringisha kuwa nyuzi nyeusi, akalainisha yaliyogoma kwa pamba yenye alkoholi. Wembe aliukataa, na alifanya vyema, kwani chuma kinakwaruza fremu na kinaweza kukata fleksi za vitufe. Alkoholi nayo ina daraja. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni asilimia 70, iliyobaki ni maji, na maji ndani ya simu ndiyo tunayoyakimbia. Inayofaa ni ya asilimia 90 kwenda juu. Hatua hii ilichukua muda mrefu kuliko zote nyingine kwa pamoja. Aliimaliza kwa kupitisha ukucha kuzunguka kijia chote, akirudi kila ulipokwama.

Kioo kipya kilitoka Kariakoo, kikiwa na vioo vya kamera vimeshafungwa. Kabla ya gundi alikilaza kikavu juu ya fremu kuangalia kama mpindo wa pande ndefu unalingana. Kopi mbovu hujulikana hapo, kwa sababu ukibonyeza upande mmoja, wa pili unanyanyuka. Aina hiyo hairekebishiki kwa gundi nyingi. Irudishe dukani.

Kuhusu gundi, nina msimamo. B-7000, ile ya tyubu ambayo haikosekani kwenye meza ya fundi, ni gundi nzuri, lakini ikibanwa kwa mkono hutoka nene hapa na nyembamba pale, na ziada yake husambaa ndani kuelekea kwenye kamera na matundu ya maikrofoni. Kwa mgongo wa simu, utepe uliokatwa tayari kwa umbo la modeli husika ni bora: unene wake ni mmoja mzunguko mzima, na kuzunguka kamera umekatwa mahali pake. Mpwa wangu aliuweka kuanzia kona moja, akatoa karatasi ya juu, akapuliza vumbi kwenye lenzi za kamera na kuzifuta, maana alama ya kidole ikifungiwa ndani pale itaonekana kwenye kila picha ya usiku. Kioo kikashushwa upande wa kamera kwanza. Akapasha ukingo kidogo ili utepe ushike, akaweka vitabu vizito juu, simu ikalala hivyo usiku kucha.

Asubuhi tulipima. S10 ina kipimo cha kanieneo ya hewa, na programu za bure za kusoma vihisi vya simu huonyesha namba yake kwa hektopaskali. Ukishika simu na kuibana katikati, mbele na nyuma, hewa iliyo ndani inabanwa. Simu iliyozibika vizuri huonyesha namba ikiruka juu na kubaki huko muda wote unaobana. Yenye mwanya, namba hupanda kidogo na kurudi haraka hewa inapovuja. Tulibana, namba ikapanda, ikakaa.

Matokeo hayo yasisomwe kupita yanachosema. Kiwango cha IP68 ambacho S10 ilitoka nacho, mita 1.5 za maji kwa dakika 30, kilipimwa ikiwa mpya kutoka kiwandani, na hakuna utepe wa dukani unaokirudisha kwa ahadi. Kipimo cha mezani kinaonyesha tu kwamba mzunguko hauna mwanya mkubwa leo. Joto la mfukoni na miezi ya matumizi vinaweza kuulegeza utepe, kwa hiyo nilimwomba arudie kuibana simu kila baada ya muda, na namba ikianza kurudi haraka, abadilishe utepe kabla mvua za masika hazijaanza.