Figo Mpya na Uwanja wa Zamani: Tartibu ya Kurejea Mchezoni

Tarehe 20 Juni 2008, mjini Vienna, Ivan Klasnić wa Kroatia aliifungia nchi yake bao dhidi ya Uturuki katika dakika ya 119. Na ijapokuwa Waturuki walisawazisha punde hiyo hiyo, kisha wakashinda kwa mikwaju ya penalti, bao lile limehifadhiwa katika tarehe ya kabumbu kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni kwamba mfungaji alikuwa akiishi kwa figo ya baba yake, aliyopandikizwa Machi 2007, baada ya mwili kuikataa ile ya mama yake aliyotangulia kupewa. Habari za namna hii aghalabu husimuliwa kwa sifa za ushujaa, na ushujaa haukukosekana; lakini ushujaa hauelezi jambo lilivyotendeka. Muradi wa makala haya ni kuipambanua tartibu yenyewe, kisha kuipima kwa hali ya mtu aishiye Mbarara nchini Uganda, au aishiye katika makazi ya Nakivale wilayani Isingiro, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 yamekuwa yakipokea wakimbizi, na ambamo Mkongomani, Mrundi na Msomali hukutanishwa na Kiswahili, na jioni hukutanishwa na mpira.

Kwanza ni mahali figo ilipo. Figo za kuzaliwa nazo hukaa nyuma, zikisitiriwa na mbavu na misuli ya mgongo, ilhali ile ya kupandikizwa huwekwa mbele, chini ya tumbo karibu na nyonga, mishipa yake ikaunganishwa na mishipa mikubwa ishukayo mguuni, na mrija wake ukashonwa kwenye kibofu. Haina mbavu mbele yake, na kwa hiyo kiwiko au goti la mpinzani laweza kuifikia. Ndiyo maana matabibu huikataza ndondi, huitilia shaka raga, na mchezaji wa mpira humtaka avae kinga maalumu tumboni. Kadhalika mshono hautaki haraka: kwa muda wa wiki 6 hadi 12 mgonjwa huagizwa asiinue kitu kizidicho kilo 4 au 5. Agizo hili ni jepesi kwa mchezaji wa Ulaya, lakini Nakivale, ambako nyumba nyingi huchota maji bombani kwa jerikeni ya lita 20, ambayo ikijaa haipungui kilo 20, swali la kwanza la mazoezi si lini atakimbia, bali ni nani katika jamaa zake atakayemchotea maji.

Pili ni damu na misuli, ambavyo havirudi kwa mwendo mmoja. Figo iliyougua hushindwa kutoa ile homoni iuamshayo uboho kutengeneza chembe nyekundu, na kwa hiyo mtu hupungukiwa damu hata akatweta kwa hatua chache. Figo mpya ikishika kazi, damu huongezeka katika wiki na miezi ifuatayo, na pumzi hurudi kabla ya miguu. Maana misuli imekondeshwa na maradhi ya muda mrefu, na prednisoloni, iliyo miongoni mwa dawa za kuizuia kinga ya mwili isiishambulie figo ngeni, huidhoofisha zaidi na kuipunguza mifupa uimara wake. Hapa ndipo wengi huhadaika, kwani ajionaye kifua chake kimefunguka hudhani magoti na mifupa navyo viko tayari. Tartibu iliyo salama huanza kwa kutembea dakika chache mara kadhaa kwa siku, hata kabla ya kutoka hospitalini. Ikafikia mwendo wa haraka wa nusu saa siku nyingi za juma. Kisha, mshono ukiisha kushikamana, yakaongezwa mazoezi ya nguvu, kama kuinuka kitini pasipo kujishikiza na kupanda vilima, ambavyo Isingiro haikunyimwa. Ndipo zifuate mbio za polepole, na mpira mwisho wa yote. Kipimo cha kila daraja ni ulimi: awezaye kusema maneno kadhaa pasipo kukatika pumzi yumo ndani ya mpaka wake. Kipimo hiki ni bora kuliko kuhesabu mapigo ya moyo, kwa kuwa baadhi ya dawa za shinikizo la damu huyazuia mapigo yasipande, na hesabu ikadanganya.

Tatu ni dawa, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Takrolimasi, iliyo nyingine katika dawa hizo za kuizuia kinga ya mwili, kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 12, na kadiri yake katika damu ina nafasi finyu: ikipungua, mwili huikataa figo, ikizidi, dawa yenyewe huidhuru. Kwa hiyo damu hutolewa asubuhi kabla ya kumeza kidonge, ili ijulikane kilichobakia. Kuhara kwa siku mbili kwaweza kuivuruga hesabu hiyo, na hata balungi laweza. Mchezaji aliyetoka jasho jingi bila kunywa maji, au aliyejichosha jana yake, huweza kuonyesha kriatinini iliyopanda, nayo ndiyo kipimo cha kazi ya figo katika damu, na daktari asiyejua habari ya mchezo akashtuka pasipo sababu. Tena kuna desturi iliyoenea, ya kupita duka la dawa baada ya mechi na kununua diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya maumivu: dawa hizi hupunguza damu iendayo kwenye figo, na kwa mwenye figo moja ya kupandikizwa, tena aliyekaukiwa na maji, ni hatari iliyo dhahiri. Naye akipatwa na homa, asiitibu kwa kukisia; aende kupimwa siku ile ile.

Yafaa sasa kutazama muda. Klasnić alirejea uwanjani Novemba 2007, takriban miezi minane baada ya figo ya pili. Éric Abidal wa Barcelona, aliyepandikizwa ini Aprili 2012, alipewa idhini ya mazoezi Desemba mwaka huo, na mechi yake ya kwanza ya mashindano ikawa dhidi ya Mallorca tarehe 6 Aprili 2013. Hata Michezo ya Dunia ya Waliopandikizwa, iliyoanzishwa Portsmouth mwaka 1978 na kufanyika Durban mwaka 2013, humtaka mshindani awe ametimiza mwaka mmoja na kiungo chake kimetulia. Miezi hiyo yote haikuwa ya kungoja. Ilikuwa ya kupima damu, kurekebisha kipimo cha dawa, na kupima tena.

Uganda ilipata sheria yake ya upandikizaji wa viungo mwaka 2023, na Desemba mwaka ule ule figo ya kwanza ikapandikizwa katika hospitali ya Mulago, mjini Kampala. Kabla ya hapo wenye uwezo walisafiri India na kwingineko. Lakini Mbarara iko mbali na Kampala kwa zaidi ya kilomita 250, na Nakivale iko mbele zaidi. Njia za kutembea zipo bure, viwanja vya mpira vipo vijijini, na Mbarara ina uwanja wa Kakyeka. Kinachopungua si uwanja wala nia, bali ni maabara iliyo karibu, na vidonge visivyokatika. Kwa hiyo atakaye kumsaidia aliyepandikizwa arudi mchezoni, asianze na jezi wala viatu. Aanze na mpango wa damu itolewayo asubuhi kufika maabara kwa wakati, na wa jibu kurudi kabla ya daktari kubadili dawa. Pasipo mpango huo, kila hatua ambayo daktari anamruhusu mgonjwa wake kupanda ni ya kubahatisha.