Mtafuta Vitabu wa Mkonze

Wengi wanaofika kwenye kibanda chake hapa Mkonze, Dodoma, hawajui jina la kitabu wanachokitaka. Mwandishi hawamjui, mwaka hawaukumbuki. Wamebaki na kipande tu: jalada la kijani, mtu analia msituni, harufu ya kabati la mwalimu mkuu. Mzee huwavutia kigoda, anafuta vumbi kwa kiganja, kisha anaanza kuuliza taratibu. Ulikisoma mwenyewe au ulisomewa? Ulikuwa darasa la ngapi? Kiliingia mfukoni, au ulikibeba kwapani? Ulikirudisha, au kilikupotelea? Yaliyomo huyaacha mpaka mwisho kabisa. Anasema hadithi ndiyo ambayo watu huibadilisha vichwani mwao kadiri miaka inavyokwenda. Mahali mtu alipokaa akiisoma hapabadiliki.

Seremala tunamwita fundi. Anayeziba sufuria tunamwita fundi, na ni haki yake. Huyu tunamwita muuza vitabu vya mtumba, tunapita na boda zetu. Mimi nasema ni fundi, na kazi yake ni adimu kuliko nyingi tunazozisifu.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja asubuhi moja nikiwa nimekaa pale. Walisalimiana, "Mbukwa," "Mbukwa," wakaulizana habari za mvua na za watoto, kisha akatoa kipande chake: kuna mtu anachapa manyani kila usiku, halafu anawalilia. Hakuwa na zaidi ya hapo. Mzee hakuuliza hata swali moja. Aliinuka, akapapasa safu ya chini, akarudi na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1952. Manyani wale ni ndugu wawili wa Adili walioadhibiwa kwa hila zao, na jini Huria ndiye aliyeamuru wapigwe. Mama alikaa kimya akifungua kurasa. Miaka yote hiyo aliamini ni hadithi ya bibi yake mzaa mama, aliyotungiwa yeye peke yake kando ya jiko.

Kisa kilichonifanya niandike haya ni kingine. Alikuja mtu wa makamo ya mzee, mfanyakazi wa zamani wa reli. Yeye alitafuta kitabu cha Kiingereza alichoazimwa Tabora miaka ya sabini. Alikumbuka mtoto wa miaka saba anapelekwa kwenye nyumba ya watawa huko Tibet. Alikumbuka wanamtoboa kwenye paji la uso ili aone rangi zinazowazunguka watu, ajue nani mkweli na nani mwongo. Alikumbuka tiara kubwa mno, zinazopaa na watu juu ya mabonde. Hakuwa na hakika kama ni kitabu kimoja au vitatu vilivyochanganyika. Alikuwa ameuliza kwenye maduka ya mjini, vijana wakamtazama kama mtu asiye na akili timamu.

Mzee aliandika yote kwenye daftari lake. Jalada lilikuwa na jicho? Ndiyo, labda. Mwandishi alijiita lama, anasimulia maisha yake mwenyewe? Ndiyo! Akafunga daftari, akasema tusubiri. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa dhati, nyumba nyingi zimehamishwa, na kila nyumba ikihama kuna boksi la vitabu ambalo halipati nafasi kwenye lori au, likishafika, halipati nafasi kwenye nyumba mpya. Maboksi hayo humfikia. Ndani ya mojawapo, chini ya vitabu vya uhasibu, kilitokea: The Third Eye cha T. Lobsang Rampa, kilichochapwa kwanza London mwaka 1956. Jalada halikuwepo, gundi imekauka, lakini kurasa zote zilikuwa ndani.

Mteja alipoitwa alitetemeka mikono. Mzee hakumtajia bei. Kwanza alimkalisha, akamweleza kwamba Heinrich Harrer, aliyeishi Lhasa huko Tibet miaka ya 1940, alikitilia shaka kitabu hicho pamoja na wataalamu wengine, wakaajiri mpelelezi. Mwaka 1958 magazeti ya Uingereza yakatangaza kuwa lama huyo ni Cyril Hoskin, mtoto wa fundi bomba wa Devon, ambaye hakuwahi kukanyaga Tibet. Mwenyewe alijitetea kuwa roho ya lama ilimwingia mwilini. "Nimekuambia kabla hujatoa hela," mzee alisema, "ukitaka kuacha, acha." Yule mtu wa reli alifikiri kidogo. "Nipe hivyo hivyo, kaka. Nilikisoma kwa taa ya chemli nikisubiri treni ya mizigo, na usiku ule haukuwa wa uongo."

Ni wauzaji wangapi wanaokuambia kasoro ya bidhaa kabla hujafungua pochi?

Ujuzi wake hauko kwenye karatasi yoyote. Akishika kitabu kisicho na jalada hutafuta bei iliyopigwa muhuri: 2/50 ni zama moja, 250/= ni zama nyingine kabisa. Anatambua kazi za East African Literature Bureau, iliyoanza mwaka 1948 ikafa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, ikaacha vitabu vyake kama mayatima. Hiyo ndiyo iliyotoa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla mwaka 1960, na kila mwezi haukosi mtu wa kuja kuulizia "kile cha mpelelezi mwenye kiko na maiti kwenye mzimu," huku akichanganya na Kisima cha Giningi. Anazijua za Tanzania Publishing House, anazijua za Central Tanganyika Press ya hapa hapa Dodoma. Wanafunzi wa chuo kikuu humfuata kutafuta Nagona na Mzingile za Kezilahabi, vitabu vyembamba sana, vyenye safari za rohoni ambazo hazikopi kwa Tibet wala kwa mtu mwingine yeyote, na ambavyo huvioni dukani.

Miguu ya rafu zake imesimama ndani ya makopo yenye oili chafu, kwa ajili ya mchwa. Hewa kavu ya Dodoma huitunza karatasi vizuri kuliko Dar es Salaam na ukungu wake, lakini mchwa wa huku hawana huruma. Kila jioni anainama na tochi, anakagua kopo moja moja, anaongeza oili panapopungua.

Na sisi je? Nchi hii ilifungua Maktaba Kuu ya Taifa Desemba 1967, Mwalimu Nyerere mwenyewe akiwepo. Mwaka 1973 vijitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya vilisomwa kwa vikundi vijijini, watu wazima waliojifunza kusoma juzi wakifuatisha kwa kidole. Leo ukitaka kimoja cha kumwonyesha mjukuu utahangaika. Nimeona shule ikitoa vitabu vyake vya zamani nje ili kupisha kompyuta, vikauzwa kwa kilo. Nilinunua karanga, karatasi iliyozifunga ilikuwa ukurasa wa riwaya, umekatika katikati ya mazungumzo ya mtu na mama yake. Kijana akikosa kitu kwenye simu anakwambia hakipo. Vitabu vya Kiswahili vya miaka ya sitini na sabini havikuwahi kuingizwa huko kwa wingi, kwa hiyo kwake havikuwahi kuandikwa.

Daftari la mzee lina maombi ya watu ambao wengine wamekwisha kufa. Hayafuti, kitabu kikipatikana huwapelekea watoto wao. Niliwahi kumuuliza nani atalishika baada yake. Akasema anamtaka mtu mwenye subira ya kusikiliza, anayependa kusoma, asiyeona aibu kuuliza. Vijana kadhaa wamekwisha kumfuata, akaongeza, na wote walitaka kujua kama eneo la kibanda linauzwa.