Kipimo Huanzia Mlangoni

Mpimaji mahiri wa afya ya wazee haanzi na mashine ya presha. Anaanza na mlango. Tuseme mama wa miaka 79 ameshushwa na boda boda nje ya kituo cha afya, mahali fulani kwenye barabara inayotoka Busia kupitia Alupe hadi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kabla hajakifikia kiti, amekwisha kueleza mengi bila kufungua kinywa. Nani kamshika, na kamshika wapi: kiganjani kwa kumwongoza, au kwapani kwa kumbeba? Ndara zinakaa mguuni au zinaburutwa? Akiitwa jina anageuka mwenyewe, au anayegeuka ni mkaza mwana? Akifika kizingitini anainua mguu, au anasimama kwanza kukitafuta kwa macho?

Kazi hii wataalamu wanaiita tathmini kamili ya afya ya mzee. Ukiisoma kwenye mwongozo inachosha: kumbukumbu, mwendo, lishe, macho, masikio, huzuni, mkojo, meno, miguu, dawa, nyumba, pesa, na nani anamtunza. Hakuna hapo kinachodai mashine ya mamilioni. Kiti, saa ya mkononi, futi, kipimo cha presha na tochi vinatosha kwa sehemu kubwa. Nadhani ndiyo sababu kazi yenyewe haijapata heshima yake. Tumezoea kuamini kwamba daktari aliyetuandikia picha ya eksirei ametujali kuliko yule aliyetuuliza maswali nusu saa.

Aliyeipa kazi hii sura alikuwa daktari wa Kiingereza, Marjory Warren. Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex alikofanya kazi, magharibi mwa London, ilipokea wagonjwa wa nyumba ya maskini iliyokuwa jirani, zaidi ya 700. Wengi walikuwa wazee waliolala vitandani mwaka nenda mwaka rudi, wakihesabiwa kuwa wasioponyeka. Warren aliwapima upya, mmoja baada ya mwingine, akishirikiana na wauguzi na wataalamu wa viungo, na wengi waliodhaniwa watafia pale wakapata nafuu ya kutosha kutoka. Mwaka 2017 watafiti walijumlisha majaribio 29 kutoka nchi tisa, yenye watu 13,766, wakaona kwamba wazee waliofanyiwa tathmini ya namna hii walipolazwa hospitalini walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na kuishi majumbani mwao miezi kadhaa baadaye. Majaribio hayo yalihusu wodi za hospitali zenye timu nzima ya wataalamu. Kwenye kituo cha afya cha mpakani timu nzima huenda ikawa afisa wa tiba mmoja, ambaye kila mtu anamwita daktari, na foleni nje ya mlango. Kwa hiyo ustadi wake hauna budi kuwa mkubwa zaidi.

Salamu kwanza. Kwa Mkhayo au Msamia ni mulembe, kwa Mteso ni yoga, na salamu haiharakishwi, kwa sababu ndani yake mpimaji anasikiliza kama sauti imefika. Akiona mama anamtazama midomo, anajua la kufanya kabla ya kuuliza chochote kuhusu kumbukumbu: anachukua kifaa cha kuchungulia sikio. Nta iliyoziba imewahi kumfanya mzee mwenye akili timamu aitwe mpotevu wa akili. Kuitoa ni kazi ya dakika chache.

Kisha kiti. Anamwomba mama ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi, aketi. Kipimo hiki kilichapishwa na watafiti wa Kanada mwaka 1991, na anayetumia sekunde 12 au zaidi huwekwa kwenye kundi la wanaoweza kuanguka. Lakini mjuzi haangalii saa peke yake. Fundi wa baiskeli wa Busia hulizungusha gurudumu hewani na kulitazama linayumba upande gani kabla hajagusa spoki hata moja. Naye huyu hutazama mama anapogeuka, kwa kuwa kwenye kugeuka ndipo udhaifu hujitokeza. Amechukua hatua nyingi ndogo? Ameitafuta meza kwa mkono? Kuinuka kwenyewe kulimgharimu majaribio mangapi? Paja lililoisha nguvu ni habari moja, goti linalouma ni nyingine, na kizunguzungu ni ya tatu. Tiba zake hazifanani.

Anavua ndara za mama na kuinama kutazama nyayo. Alupe ilianza kama makao ya wagonjwa wa ukoma, na katika tiba ya ukoma unyayo usiohisi ulichunguzwa kwa makini kwa sababu kidonda kinaweza kukua hapo bila mwenyewe kujua. Siku hizi kinachoua hisia za mguu mara nyingi ni sukari, ila unyayo bado unadai mtu wa kuinama.

Sasa mfuko wa dawa. Hapa ndipo napenda kukaa, kwa kuwa mpaka wenyewe unaingia chumbani. Mpimaji hamuulizi mama anakunywa dawa gani. Ameagiza tangu mwanzo kila kidonge kilichomo nyumbani kiletwe, cha hospitali, cha duka, cha jirani, hata kilichobaki cha marehemu, na anavimwaga vyote mezani. Mwanamke wa huku anaweza kupata dawa za presha kliniki ya upande wa Kenya, kisha siku ya soko akavuka ng'ambo Uganda akauziwa nyingine, maana zilikwisha au bei ilikuwa nafuu. Majina kwenye maboksi ni tofauti na rangi za vidonge ni tofauti. Mpimaji anageuza boksi na kusoma maandishi madogo: zote mbili ni amlodipini. Mama amekuwa akimeza dozi maradufu kwa nia njema kabisa.

Dozi kubwa ya amlodipini huvimbisha miguu. Miguu ilipovimba, mtu mwingine, mahali pengine, aliona uvimbe akaandika dawa ya kutoa maji mwilini. Dawa ya maji ikaleta haja ndogo mara kwa mara, hata usiku. Choo kiko nje, hatua 40 kutoka mlangoni, na giza ni giza. Presha iliyoshushwa kupita kiasi, mwili uliokauka, kuamka ghafla: akaanguka. Nyonga ikauma, duka likatoa diklofenaki. Diklofenaki hupandisha presha na, ikikutana na dawa ya maji, huziumiza figo. Presha ilipopanda, kliniki ingeongeza nini? Dawa ya presha. Na kwa sababu usiku hapati usingizi, kuna Piriton ya kumlaza, nayo kwa mzee huvuruga akili na kufanya mkojo usitoke vizuri. Mkaza mwana ameleta malalamiko matatu, mama anaanguka, anajikojolea, anasahau, na nyumbani yote yamepewa jina moja, uzee. Mezani yanaonekana kuwa mnyororo, na pete yake ya kwanza ni boksi la pili la dawa ileile.

Hapa ndipo penye ufundi. Fomu itamkumbusha mpimaji kuuliza juu ya mkojo, miguu na usingizi, kila kimoja kwenye mstari wake. Haitamwambia kwamba mistari hiyo mitatu ni habari moja.

Hata hivyo haamini mpaka amepima. Mama analala dakika tano, presha inachukuliwa. Anasimamishwa, inachukuliwa tena baada ya dakika moja, kisha baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, kizunguzungu kimepata ushahidi. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na ni katika vile vinavyorukwa mara nyingi, maana dakika tano za kulala ni nyingi foleni ikiwa ndefu.

Kumbukumbu anaiacha mpaka masikio yamesafishwa na mama amezoea sauti yake. Kipimo maarufu cha mwaka 1975 kutoka Marekani kinamtaka mtu aandike sentensi na kunakili maumbo mawili ya pembe tano yaliyokatana. Mpe hicho mama ambaye hakushika kalamu maishani mwake, nawe utakuwa umepima shule ambayo hakupelekwa. Wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kingine kwa ajili ya wazee wasiosoma: wataje wanyama wengi wawezavyo kwa dakika moja, waeleze daraja ni nini, wakumbuke orodha ya maneno, wapange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Nakipenda kwa adabu yake. Huku mpakani ningeongeza maongezi ya pesa. Mwanamke aliyeuza nyanya sokoni miaka 30 amezoea kugeuza shilingi za Kenya kuwa za Uganda kichwani, na moja ya Kenya hupata zaidi ya 20 za ng'ambo. Akishindwa sasa na hesabu aliyoifanya maisha yote, hilo lina uzito kuliko kusahau tarehe.

Maswali ya nyumbani yanakuja mwishoni, na mkaza mwana anaombwa kwa heshima akanywe chai. Wakibaki wawili, sauti ya daktari inashuka. Unaoga mwenyewe au unasaidiwa kubeba karai? Umekula nini jana, na nani alikula kwanza? Anauliza hivyo kwa kuwa nyanya anayelea wajukuu wasio na wazazi, na katika Kaunti ya Busia Ukimwi uliacha wengi wa namna hiyo, huenda akapakua sahani yake mwisho na kidogo. Nguo inalegea? Kupungua kilo tatu katika miezi mitatu ni onyo. Fedha za Inua Jamii, ruzuku ya serikali kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, anazipokea nani, na namba ya siri ya simu iko kichwani mwa nani? Swali hili linaulizwa kwa sauti ileile ya swali la chai. Ndugu wengi wanasaidia kwa uaminifu, wachache wanakula, na mpimaji hapaswi kuonyesha usoni anadhani huyu ni wa kundi gani.

Kwa mzee mwanamume wa Kiteso angeuliza kama bado anakwenda kukaa na wenzake penye chungu cha ajono, pombe ya kienyeji. Aliyeacha kwenda yumkini hashindwi kunywa. Pengine hasikii mazungumzo, au anaogopa kuinuka kwenda haja mbele ya watu, au mkono unatetemeka akishika mrija. Au rafiki zake wamekufa, na hilo lina dawa yake isiyouzwa dukani.

Swali la mwisho ndilo linalopanga yote: mama, tukikurekebishia jambo moja tu, ungetaka liwe lipi? Jibu mara nyingi halimo kwenye malalamiko ya mkaza mwana. Tuseme mama anajibu kwamba anataka kwenda kanisani bila kushikwa mkono.

Daftari la mama, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, linafunguliwa. Wapimaji wachanga hujaza ukurasa: miadi saba, vipimo tisa, rufaa tatu. Mjuzi anaandika machache. Amlodipini moja, boksi lingine libaki kituoni. Piriton na diklofenaki basi, na kwa nyonga apewe parasetamoli. Dawa ya maji isimame huku moyo na figo vikiangaliwa, na mhudumu wa afya wa jamii apite nyumbani baada ya siku chache na kipimo chake cha presha, kwani tangu 2023 wamegawiwa mkoba wenye kifaa hicho. Ndoo yenye kifuniko iwekwe chumbani usiku. Kuinuka kitini mara 10, asubuhi na jioni, mjukuu akihesabu.

Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Ameliona tangu kizingitini, lakini ameliwekea mstari wa mwisho: safari ya hospitali ya macho ya Sabatia, kule Vihiga, ni ndefu kwa mtu ambaye bado anapata kizunguzungu akisimama, na kijana wake anayeendesha lori yuko Kampala hadi mwisho wa mwezi. Limeandikiwa tarehe ya yeye kurudi.