Jani Lisilopakwa Rangi

Mwezi uliopita mjukuu wangu alirudi nyumbani na karatasi aliyoipaka rangi za maji, akaiweka juu ya meza mbele ya mama yake. Mama yake akaitazama, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mwanangu, mbona umepaka kila mahali ukayasahau majani yenyewe?" Mtoto akanitazama mimi kama mtu atafutaye shahidi. Nami, kwa kusema kweli, sikuwa na ushahidi wa kumpa, kwani niliona vile vile alivyoona mama yake: kiza cha kijani pande zote, na katikati majani matatu matupu, meupe kama karatasi ilivyotoka dukani. Juu ya jani moja palikuwa na donge la rangi nyeupe nzito. Nilipomwuliza, akanieleza kwamba rangi ya kijani ilivuka mpaka ikaingia ndani ya jani, na mwalimu wake akamwambia afunike kwa nyeupe, mambo yaishe.

Ni kwa ajili ya lile donge nimeshika kalamu.

Kabla sijaendelea, najua wako watakaouliza sheikh ana nini na brashi. Jawabu ni fupi. Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza picha, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Sisi hapa hatusemi ila majani, mawe na daraja.

Ustadi wenyewe ni huu. Katika rangi za maji, mwenye kuifuata njia safi hana rangi nyeupe. Weupe wake ni karatasi. Rangi hizi ni nyepesi, hupenyeza nuru, na nyingi zikishakauka haziondoki zote hata uzisugue. Basi mchoraji akitaka jani jeupe mbele ya kichaka cha kiza, halipaki jani. Hukipaka kile kiza kilicho nyuma yake, akakileta mpaka ukingoni mwa jani, akasimama hapo. Jani hutokea kwa kuachwa. Waingereza huuita ustadi huu kwa jina lenye maana ya uchoraji wa kinyume. Mimi nitauita uchoraji wa kuacha, maana jina hilo laeleza kazi inayofanywa.

Na sisi watu wa pwani hatuna haki ya kuuona mgeni. Utazame mlango wa nakshi wa Lamu au wa Unguja: fundi hakulibandika ua juu ya mbao. Alishika tindo akachimba kando kando, akaondoa mbao isiyotakiwa, ua likabaki limesimama. Kadhalika chuoni. Nimewafundisha watoto hati kwa zaidi ya miaka arubaini, na kila siku nimewaonya walichunge jicho la wau wanapoandika naskhi, lisizibwe na wino. Weupe ule, usiozidi punje ya mtama, ni sehemu ya herufi kama wino ulivyo sehemu yake. Jambo hilo nalijua kwa kalamu ya mwanzi. Sikujua kwamba silijui kwa brashi mpaka nilipoketi kujaribu.

Nilikaa siku saba, kila baada ya sala ya Alasiri, mjukuu wangu akiwa mwalimu na mimi mwanafunzi. Siku ya kwanza nilichora kwa penseli ukingo wa jani la mwembe, nikachovya brashi katika kijani, na bila ya kufikiri nikalijaza jani. "Nje, Babu, nje!" akapiga kelele. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe. Akili ikishalitaja jina la kitu, mkono hukikimbilia kitu hicho, na nafasi iliyo kando yake, kwa kuwa haina jina, haionekani. Hapa ndipo ugumu wote ulipo kwa anayeanza. Si ugumu wa mkono, kwani kupaka rangi mpaka kwenye mstari ni kazi aiwezayo mtoto wa miaka saba. Ni ugumu wa jicho.

Siku ya pili nilipaka nje, likatokea kosa jingine. Nililizungusha jani mstari mwembamba wa kiza kama wanja unavyozunguka jicho. Jani halikuja mbele wala halikurudi nyuma. Lilionekana limefungwa kamba. Kosa hili, nimekuja kujua, hulifanya karibu kila anayeanza, na dawa yake ni maji. Ukishaweka rangi ukingoni mwa jani, upesi, kabla haijakauka, brashi ya pili iliyo safi na yenye unyevu tu huguswa upande wa nje, rangi ikasambaa na kufifia mbali na jani. Upande wa jani ukingo ni mkali. Upande wa nje rangi hupotea bila ya kujulikana ilipoishia. Lakini maji yakizidi katika brashi ile ya pili, huirudia rangi na kuisukuma, pakafanyika madoa yenye kingo kama ramani ya visiwa. Ninayo karatasi nzima ya visiwa vya namna hiyo.

Halafu kuna kungoja. Kazi hii huendeshwa kwa matabaka. Hupakwa kwanza rangi nyepesi karatasi nzima, ikaachwa ikauke. Huchorwa majani machache, ikapakwa kando yao rangi iliyozidi kidogo kwa kiza, ikaachwa ikauke. Ndani ya kiza hicho kipya huchorwa majani mengine yanayochungulia nyuma ya yale ya kwanza, yakaachwa nayo, ikapakwa tena kando. Kwa hivyo majani ya mbele hubaki na rangi ya tabaka la kwanza, na kila yanavyokwenda nyuma ndivyo yanavyozidi kuwa ya kiza. Ukipaka juu ya tabaka lisilokauka, la chini huvurugika likawa tope. Mafunzo yaliyoandikwa kwa watu wa nchi zenye vyumba vikavu husema ngoja dakika chache. Kwetu wakati wa masika, hewa yenyewe ni maji, na dakika chache hizo si kitu. Usiiamini macho, igusie karatasi mgongo wa kidole. Ikiwa baridi, bado ina maji.

Sasa nije kwenye lawama yangu, kwani sikukusudia kuandika masomo ya kupaka rangi. Namna wanavyofundishwa wanaoanza, aghlabu, ni hii ya majani yaliyopangana, matabaka manne au matano, hatua kwa hatua, na kila mwanafunzi hutoka na karatasi ya kupendeza. Hilo ndilo linalonitia shaka. Jani huwa ni lile lile, rangi ni zile zile, na mwanafunzi hajaulizwa hata mara moja atazame kitu kilicho mbele yake na aseme kipi kinang'aa na kipi kiko nyuma. Amefundishwa kutengeneza picha moja. Mpeleke bandarini, mwoneshe tanga jeupe mbele ya mikoko, naye atatafuta rangi ya kulipakia tanga. Nasema haya nikijua kwamba nami nina sehemu katika kosa hili: watoto wangapi nimewapa herufi za vitone wazipitishie kalamu, wakajaza kurasa, na siku nilipoviondoa vitone hawakuweza kuandika?

Kosa la pili ni kumpa mwanafunzi kinga kabla ya jicho. Uko utomvu wa mpira unaopakwa mahali panapotakiwa pabaki peupe. Rangi hupita juu yake, kisha utomvu hubanduliwa. Sikatai manufaa yake. Mwenye kutaka kamba nyembamba za jahazi mbele ya anga pana atautumia, na ana udhuru. Lakini kwa anayeanza humwondolea somo lote, maana haimpasi tena kuizungusha brashi kwa uangalifu, na ukingo anaoupata ni mkali pande zote kama uliokatwa kwa mkasi. Na nyeupe nzito ya kufunikia ndiyo ya mwisho katika njia hii. Wako mabingwa walioitumia vizuri; kampuni ya Winsor & Newton iliuza nyeupe ya zinki kwa wachoraji wa rangi za maji tangu mwaka 1834. Ubaya wake katika karatasi ya mjukuu wangu waonekana kwa macho: weupe wa karatasi una nuru, na donge lile kando yake ni kama chokaa juu ya kanzu.

Nilitaka kumwonesha mtoto kazi ya mtu aliyeacha bila ya kinga, nikamfungulia kitabu chenye picha ya John Sell Cotman. Huyu alizaliwa Norwich, Uingereza, mwaka 1782. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alikwenda Yorkshire miaka mitatu mfululizo, 1803 mpaka 1805, na matunda ya safari hizo ni pamoja na picha ya daraja la mto Greta, ambayo leo imo katika British Museum, London. Si kubwa, ni kama sentimita 23 kwa 33, yaani yaweza kulala juu ya msahafu mkubwa uliofunguliwa.

Nilimwambia mtoto afunike kwa kiganja miti ya kiza iliyo nyuma ya daraja. Akafunika. Daraja likapoteza nguvu, likawa kama limefifia. Akaondoa kiganja, likarudi. Mawe ya daraja hayakupakwa sana. Ni rangi nyepesi tambarare, na tao lake limechongwa na kile kiza kilicho nyuma na chini yake. Vivyo hivyo mawe makubwa ya mtoni: mchoraji ameyaacha, akapaka maji na vivuli vilivyo kati yao. Rangi zimelazwa moja kando ya moja, kila moja mahali pake, wala huoni mahali aliporudia kwa kubabaisha. Na hakuna wanja. Mahali pengine ukingo ni mkali, pengine kiza cha kitu kimoja huungana na kiza cha jirani yake, jicho likapita.

Kama nitatafuta ila, nitasema mawe ya mbele yamenyooka mno, yafanana na mikate iliyopangwa. Mto wenye maji ya kweli haupangi mawe yake hivyo. Pia si kweli kwamba Cotman alibaki katika njia hii maisha yake yote. Katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufa mwaka 1842, alichanganya rangi zake na gundi nzito kama uji, akapata rangi nzito zenye kung'aa. Wako wanaozipenda. Mimi naona alipata nguvu akapoteza pumzi.

La kutufaa zaidi ni kwamba alikuwa mwalimu. Mwaka 1809 huko Norwich alianzisha maktaba ya kuazima picha: wanafunzi walilipa ada, wakachukua michoro yake nyumbani, wakainakili. Kunakili nako kuna hatari zake, kama vitone vyangu. Lakini mwenye kunakili daraja lile hana budi kujiuliza kila mahali, hapa aliacha nini na kwa nini, na hakuna donge la nyeupe litakalomwokoa.

Siku ya saba hatukupaka majani ya kubuni. Mjukuu wangu alikata tawi la mwembe, akaliweka dirishani mbele ya pazia la buluu, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kumwona akitazama kitu. Akaanza na nafasi iliyo kati ya majani mawili, pembetatu ndogo, akaipaka. Kisha nyingine. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri mpaka brashi ilipomponyoka, buluu ikaingia ndani ya jani la kulia, kama upana wa ukucha. Nikauona mkono wake ukinyooka kuelekea kichupa cha nyeupe. Ukasimama. Akachukua penseli, akauchora upya ukingo wa jani ndani ya ule wa kwanza, akaileta buluu mpaka hapo, akaifisha kwa maji.

Jioni mama yake aliitazama karatasi. "Hili limeliwa na mdudu?" akauliza.

"Ndiyo," akasema mtoto, akanikwepa macho.