Ilipoishia, Sasa Endelea

Kitabu cha pili cha mfululizo wa kijasusi wa Mick Herron nilikisoma kabla ya cha kwanza, na kosa si langu. Kijana ninayenunua kwake vitabu vya mtumba, pale anapotandaza turubai lake karibu na Posta, Dar es Salaam, huuza kilichofika. Kikifika cha tatu, utasoma cha tatu. Nilipomuuliza cha kwanza kiko wapi, alicheka.

"Mzee wangu, cha kwanza labda mwakani. Anza na hicho. Jamaa si ni walewale?"

Walewale, ndiyo. Na kwa kuwa wengi wetu tunasoma riwaya za mfululizo kwa kudandia katikati, kama abiria anayepandia Mtongani akakuta daladala zima linabishana tangu Mbagala, nimejijengea kipimo changu. Siuhukumu mfululizo kwa kitabu cha kwanza. Hicho mwandishi amekikalia miaka, amekipiga msasa hadi kinang'aa. Nafungua cha pili, nasoma kurasa ishirini, natazama fundi ameungaje.

Kwenye kiungo hicho mwandishi ana wasomaji watatu kwa mpigo. Yupo aliyemaliza kitabu kilichotangulia jana usiku na hataki kuambiwa tena nani ni nani. Yupo aliyekimaliza miaka miwili iliyopita. Anakumbuka kulikuwa na binti, joka, na mtu fulani alikufa, basi. Halafu nipo mimi, ambaye sijui lolote na nimeshalipa pesa yangu. Ukimhudumia mmoja, wawili wanapiga miayo au wanapotea.

Hadithi zetu za magazetini zililimaliza tatizo hili bila kujikuna kichwa. Juu kabisa, kwa herufi nzito: ILIPOISHIA. Aya moja ya mambo ya wiki iliyopita. Kisha: SASA ENDELEA. Leo watunzi wanaorusha simulizi zao kwenye makundi ya WhatsApp wanafanya hivyohivyo, na hakuna msomaji aliyewahi kulalamika. Ni zana ya wazi, kama kondakta anavyotaja kituo. Lakini kwenye kitabu kilichojalidiwa, kibao hicho kinakaa kama nyaya za umeme zilizoning'inia nje ya ukuta. Kazi ya fundi ni kuzipitisha ndani ya plasta, na taa iwake.

Wasiojua kuzipitisha utawatambua kwa neno moja: ambaye. "Alimpigia simu dada yake, ambaye ni daktari, ambaye mwaka jana alitekwa na wale majambazi, ambao..." Huo ni utambulisho wa msibani. Unaingia, mwenyeji anakushika mkono anakuzungusha: huyu shemeji, huyu mjomba wa marehemu, huyu alisoma naye. Ukifika kwenye mkeka umeshawasahau wote.

Sasa mtazame Herron. Mfululizo wake ulianza mwaka 2010 na Slow Horses. Idara ya usalama ya Uingereza ina nyumba moja chakavu mtaa wa Aldersgate, London, iitwayo Slough House. Majasusi walioboronga kazi hutupwa humo wapange makaratasi yasiyo na maana hadi wachoke, waache kazi wenyewe. Mkuu wao, Jackson Lamb, ni mchafu, mlevi, mwenye mdomo wa pilipili, na ana akili kuliko wote waliomtupa pale. Chini ya nyumba kuna mgahawa wa Kichina na duka la magazeti. Mlango wa mbele haufunguliwi. Unazunguka uani, unasukuma mlango mwingine unaokwama.

Kitabu cha pili, Dead Lions cha mwaka 2013, kikishatupatia kifo cha kuanzia, kinatuingiza katika nyumba hiyo kwa njia ambayo bado naionea wivu. Mwandishi anasema, kwa maana, hebu tuseme paka angeingia humu. Hakuna paka. Ni dhana tu. Lakini paka huyo wa kudhaniwa anapanda ngazi, ghorofa kwa ghorofa, anachungulia chumba kimoja baada ya kingine, na katika kila chumba tunaambiwa mwenye chumba angempokeaje. Huyu angemchangamkia, yule asingeinua hata macho. Tunapanda hivyo hadi juu kabisa, anakokaa Lamb.

Hapo pana mambo kadhaa yametendeka kwa pamoja. Kwa kuwa paka hayupo, hakuna tukio, na kwa kuwa hakuna tukio, taharuki ya kile kifo cha mwanzo haijaguswa. Imewekwa pembeni jikoni, inachemka taratibu. Tena jicho la paka ni jicho la chini. Linaona zulia, kapu la taka, miguu ya meza. Halioni wasifu wa mtu. Basi mimi mgeni siambiwi huyu alifukuzwa kwa kosa gani mwaka gani. Naonyeshwa anavyoishi sasa na kosa lake. Kurasa chache baadaye historia ikitajwa, inamkuta mtu ambaye tayari nimemwona, na inanata.

Na yule aliyesoma kitabu kilichotangulia? Yeye ndiye anayefaidi zaidi. Herron huua wahusika wake, na haui wa pembeni tu. Kwa hiyo msomaji mzoefu hapandi ngazi zile ili kujifunza ramani. Anapanda huku moyo unamdunda, akihesabu meza. Nani hayupo? Kiti cha nani kimekaliwa na mgeni? Maneno yale yale yaliyo utambulisho kwangu, kwake ni orodha ya mahudhurio.

Angerudia paka katika kila kitabu tungemchoka. Anabadilisha mgeni. Katika London Rules, cha mwaka 2018, anayepita vyumbani ni alfajiri. Mwanga unaingia dirishani, unaona ulichoona, unaendelea juu. Saa nyingine za siku nazo zinapata zamu yao mbele ya safari. Na kile Dead Lions kilichofunguliwa na paka kinafungwa na panya. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, mke wangu akauliza kulikoni, nikashindwa kueleza.

Wapo waliolikwepa tatizo zima, na siwalaumu. Lee Child, aliyeanza na Killing Floor mwaka 1997, amempa shujaa wake Jack Reacher mswaki wa kukunjwa na nguo alizovaa. Hana nyumba, hana begi, hana mtu anayemsubiri. Anashuka kwenye basi, anakuta dhuluma, anapiga watu, anaondoka. Hakuna cha kukumbusha kwa sababu hakuna kilichobaki. Ndiyo maana hata mdogo wake Child, Andrew, alipoanza kuandika naye mwaka 2020 katika The Sentinel, mlango wa kuingilia ulikuwa wazi. Vitabu vya Reacher unaweza kuvisoma kwa mpangilio wa rangi za majalada.

Jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba naye tulimsoma hivyo. Niliowajua walikuwa wakigombania nakala iliyopo, si nakala inayofuata. Kufa na Kupona cha mwaka 1974 kinampeleka Nairobi, Kikosi cha Kisasi kinampeleka Kinshasa, na popote ulipoanzia, Chifu wake anampa kazi na jina lake linatosha kuwatisha maadui. Musiba hamsimulii Willy kwa mambo yaliyompata; anamtanguliza kwa sifa. Sifa haihitaji ILIPOISHIA. Ila ina bei yake: mtu anayekuja kwa sifa tu hazeeki, na kidonda alichopata kitabu kilichopita hakimuumi mvua ikinyesha. Nilipokuwa kijana sikuliona hilo. Sasa magoti yangu mwenyewe yananiambia.

Kwenye fantasia mzigo ni mzito maradufu, maana hukumbushwi watu tu, unakumbushwa dunia. Sheria za uchawi, majina ya falme, nani alipigana na nani miaka mia sita iliyopita. Rebecca Yarros, ambaye Fourth Wing na Iron Flame vyake vilitoka mwaka mmoja, 2023, ana mbinu niliyoipenda. Kitabu kinajifanya ni maandishi yaliyotafsiriwa na mtunza kumbukumbu wa chuo cha kijeshi cha wapanda majoka, na kila sura inatanguliwa na kipande cha waraka: kanuni ya chuo, barua, ukurasa wa historia. Maelezo ambayo yangekwamisha mazungumzo yamewekwa mlangoni. Mwenye haraka anayaruka, aliyesahau anachota. Tena hukosi kujiuliza kwa nini mtunza kumbukumbu amechagua waraka huu na si ule.

Lakini kufika Onyx Storm, cha Januari 2025, visiwa na majina vimeongezeka hadi nyaraka zile ndogo hazitoshi. Nilichukua risiti ya duka nikaanza kuandika nyuma yake nani anapanda joka gani. Msomaji akifika kwenye kuandika orodha, nyaya zimeshatoka nje ya plasta.

Marlon James, Mjamaika, ameamua jambo la kichaa zaidi. Katika Black Leopard, Red Wolf cha mwaka 2019, mwanamume aitwaye Tracker yuko kizuizini akimsimulia anayemhoji jinsi alivyotafutwa mtoto aliyepotea, katika Afrika ya kale ya kubuni. Kitabu cha pili, Moon Witch, Spider King cha mwaka 2022, hakiendelei mbele. Anasimama Sogolon, mchawi mwenye miaka 177, anaisimulia safari ileile kwa jicho lake. Kwa hiyo huhitaji kukumbuka vizuri; ukikumbuka nusunusu umekaa kama hakimu baraza la pili, ushahidi wa kwanza unaufahamu lakini huuamini tena. Kosa lake, kwangu mimi, ni subira anayoidai. Sogolon anaanza na utoto wake, na mamia ya kurasa yanapita kabla mtoto yule hajaanza kutafutwa. Maisha yake ni matamu, sikatai. Ila kesi niliyokuja kuisikiliza ilikuwa nyingine.

Anayenishinda maneno ni N. K. Jemisin. Utatu wake, The Fifth Season, The Obelisk Gate na The Stone Sky, ulitoka 2015 hadi 2017, na kila kimoja kilichukua tuzo ya Hugo ya riwaya bora. Hakuna aliyewahi kuitwaa miaka mitatu mfululizo kabla yake. Bara linalotetemeka, watu wenye uwezo wa kutuliza matetemeko wanaogopwa na kufanywa mali ya dola, na mama mmoja, Essun, anarudi nyumbani akakuta mumewe amemuua mwanawe wa kiume na kutoroka na binti, Nassun. Sura za Essun zimesimuliwa kwa nafsi ya pili. Wewe unafungua mlango. Wewe unamfunika mtoto.

Wengi huiona nafsi hiyo kama pambo. Kitabu cha pili ndicho kinachoonyesha inafanya kazi gani. Kinaanza na msimulizi kujikatiza: anaona amekosea namna ya kusimulia, anarudi nyuma hadi siku ileile ya mauaji, safari hii akiwa upande wa Nassun. Aliyesoma cha kwanza anapata habari mpya. Mimi niliyedandia napata mwanzo mzima, mauaji, baba, safari, bila kujua kwamba ninakumbushwa. Na kila msimulizi anapomwambia "wewe" mambo aliyoyatenda mwenyewe, swali linakua: kwa nini mtu asimuliwe maisha yake? Jibu liko mwishoni mwa cha tatu na sitalitoa hapa. Nitasema tu kwamba kuna sababu ya kumkumbusha, na sababu hiyo imo ndani ya hadithi. ILIPOISHIA si kibao tena. Ni moyo wa riwaya.

Mimi nilianza na cha pili, nikapata cha tatu. Cha kwanza kilifika mwezi uliopita, jalada limekunjwa sikio, ukurasa wa mwisho umechanika. Kina siri kuhusu wanawake watatu kinaowasimulia, ambayo wasomaji wa mpangilio huifikia wakashika kichwa. Mimi nilikuwa ninaijua, kwa hiyo nilisoma polepole, nikitafuta mwandishi ameificha wapi, na kwa nini mmoja tu kati ya watatu anaitwa "wewe".

"Mzee, hicho si ndicho cha kwanza?" kijana alikuwa ameniuliza siku ile, ameshika noti yangu. "Sasa utakisoma cha nini, na mwisho unaujua?"

Nikamwambia arudishe chenji.