Nani Aliyemwua Uria? Juu ya Vitabu Viwili vya Kifo cha Lumumba

Mtu akitoka Lubumbashi na kufuata njia ya Likasi, mwendo wa kilometa karibu 50, anafika upande wa Shilatembo. Zamani palikuwa pori tu. Hapo, usiku wa tarehe 17 Januari 1961, waliuawa Patrice Lumumba, ministri wa kwanza wa Kongo huru, na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili yao ikayeyushwa kwa asidi, ili kusiwe na kaburi. Mwezi wa Juni 2022 Ubelgiji ulirudisha jino moja la Lumumba, lililochukuliwa zamani na polisi wa Kibelgiji. Jeneza likapita hapa kwetu na Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30.

Jino limezikwa, lakini ulizo halikuzikwa: nani aliye na kosa? Sisi tunaofundisha zamiri za watu hatuwezi kupita kando, kama kuhani na Mlawi katika njia ya Yeriko. Kwa hiyo tumesoma vitabu viwili, na tunataka kuvipima mbele ya wasomaji wetu.

Cha kwanza ni kitabu cha Ludo De Witte, Mbelgiji, kilichotoka mwaka 1999 kwa Kiflamanda na mwaka 2000 kwa Kifaransa. Cha pili ni taarifa ya komisyo ya Bunge la Ubelgiji, ya mwezi wa Novemba 2001. Cha pili ni mtoto wa cha kwanza. De Witte alipoandika, watu wa Ubelgiji walianza kuulizana kwa nguvu, na Bunge halikuweza tena kunyamaza. Likachagua wanahistoria wanne, likafungua makabati ya serikali, hata karatasi za siri. Tuseme haki: mabunge yanayokubali kuchungua mikono ya serikali yao katika nchi ya wengine si mengi.

De Witte anaandika kama mshitaki. Nguvu yake ni kufuata karatasi moja moja. Anaonyesha jinsi jambo lilivyoanza kwa neno lililosikika kuwa jema. Tarehe 10 Julai 1960, siku kumi tu nyuma ya uhuru, askari wa Ubelgiji waliingia Elisabethville bila kuombwa na serikali ya Kongo. Walisema wanakuja kuokoa maisha ya watu. Kesho yake, tarehe 11, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 14 ONU iliomba Ubelgiji uondoe askari wake. Wakaondoka polepole, lakini maofisa na washauri wakabaki katika jeshi, katika polisi na katika ofisi za waministri. Kuokoa mtu aliye hatarini ni tendo la upendo. Kukaa katika nyumba ya mwingine mpaka ipasuke ni tendo lingine, hata kama mlango ulifunguliwa kwa neno lile lile.

Udhaifu wa kitabu ni kwamba hasira inamkimbiza mwandishi. Mara nyingi anaona mkono wa Bruxelles peke yake, na watu wa Kongo wanakuwa kama vivuli. Wakubwa wa Léopoldville waliomtuma Lumumba hapa, na wakubwa wa Katanga waliompokea, walikuwa watu wenye akili na hiari. Kusema kwamba walisukumwa tu ni kuwanyima hata heshima ya kutenda zambi.

Taarifa ya komisyo ina ubaridi wa mpimaji. Inaeleza telegrama ya tarehe 6 Oktoba 1960, ambamo ministri wa mambo ya Afrika, d'Aspremont Lynden, aliandika kwamba shabaha kubwa ni kumwondosha Lumumba moja kwa moja. Inaeleza tena kwamba tarehe 16 Januari 1961 ministri huyo alisisitiza Lumumba apelekwe Katanga. Kesho yake usiku Lumumba alikuwa maiti. Komisyo inaamua hivi: haikuona karatasi yenye amri ya kuua, lakini baadhi ya waministri na Wabelgiji wengine wana daraka la zamiri (kwa Kifaransa, responsabilité morale) katika mambo yaliyoleta kifo hicho. Inaongeza kwamba inasema hivyo kwa kufuata maadili ya siku hizi.

Hapo ndipo hatukubaliani nayo. Katika kinywa cha wanasiasa neno "zamiri" limekuwa neno jepesi. Daraka la sheria lina tribinali, daraka la mali lina malipo, lakini daraka la zamiri, wanafikiri, ni huzuni ya siku moja na hotuba nzuri. Kwetu sisi ni kinyume. Mbele ya tribinali ya watu shahidi anaweza kukosekana. Mbele ya zamiri shahidi hakosekani kamwe. Daraka la zamiri ndilo zito kuliko yote.

Tukumbuke habari ya Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli. Hakushika upanga. Aliandika barua tu, na Uria Mhiti akauawa mbali, kwa mikono ya Waamoni. Kama komisyo ingepima mishale ile, ingekuta ni mishale ya Waamoni kweli. Lakini nabii Natani hakwenda kwa Waamoni. Alikwenda kwa mfalme, akamwambia kwamba mtu huyo ndiye yeye.

Wakatekista wetu walifundishwa njia tisa za kushiriki katika zambi ya mwingine: kwa shauri, kwa amri, kwa kukubali, kwa kuchokoza, kwa kusifu, kwa kuficha, kwa kushirikiana, kwa kunyamaza na kwa kutetea. Komisyo ilitafuta sana njia ya pili, yaani amri, na ilipokosa karatasi yake ilipumua kidogo. Lakini njia nyingine je? Kusisitiza kwamba mfungwa apelekwe kwa adui zake, ni shauri. Maofisa wa Kibelgiji kuwapo penye bunduki, ni kushirikiana. Uwongo uliotangazwa hapa Elisabethville tarehe 13 Februari 1961, kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji, ni kuficha. Hata askari wa ONU waliokuwa kiwanja cha ndege cha Luano, walioona wafungwa wakishushwa na kupigwa, hawakusogea: ni kunyamaza.

Na yale "maadili ya siku hizi"? Je, mwaka 1961 amri ya tano ilikuwa bado haijaandikwa? Neno hili linatuumiza sisi zaidi, kwa sababu Gaston Eyskens, mkubwa wa serikali ile, na d'Aspremont Lynden mwenyewe walikuwa watu wa chama cha Kikristo. Walijua katekisimu sawasawa sisi. Hatuwezi kusema hawakufundishwa. Tunapaswa kujiuliza kwa nini mafundisho yale yalibaki kanisani, yasifike mezani penye telegrama.

Kitubio kina matendo matatu ya mwenye zambi: majuto, maungamo na malipizi. Mwezi wa Februari 2002 ministri Louis Michel aliomba msamaha kwa jina la serikali ya Ubelgiji, akaahidi mfuko wa jina la Lumumba. Mfuko ule haukusimama. Mwaka 2022 ministri wa kwanza Alexander De Croo alirudia maneno ya msamaha mbele ya jamaa. Lakini mwezi wa Desemba mwaka ule ule komisyo nyingine, ya mambo yote ya ukoloni, ilivunjika bila mapatano, kwa sababu vyama vingine viliogopa kwamba neno la msamaha litaleta madai ya malipo. Basi Zakayo alijua teolojia kuliko wao: hakuogopa malipo, yeye mwenyewe alisema atarudisha mara nne. Jamaa ya Lumumba walishitaki Bruxelles mwaka 2011, na mwaka 2025 ndipo mwendesha mashitaka alipoomba mzee mmoja, wa mwisho wa washitakiwa aliye hai, apelekwe mbele ya tribinali. Haki inayongoja miaka 64 inakuta makaburi tu.

Lakini msomaji asifunge jarida hapa na kujisifu kama Mfarisayo hekaluni. Vitabu vyote viwili vinasema kwamba Tshombe na baadhi ya waministri wake walikuwapo Shilatembo, na kwamba waliopiga risasi ni askari na polisi wa Katanga. Mobutu, ambaye askari wake walimkamata Lumumba, alimtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966: sifa bila maungamo. Katika Mkutano Mkuu wa Taifa wa 1991 na 1992, ulioongozwa na Askofu Mkuu Monsengwo, taarifa za mauaji na za mali ya haramu hazikujadiliwa mbele ya watu. Labda waliogopa damu mpya, na hofu ile ilikuwa na sababu. Lakini leo bado hatuna kitabu chetu. Kwa kujua yaliyotendeka kwa mikono yetu, tunasoma taarifa ya Bunge la wengine.

Tunashauri basi kwamba taarifa hii isomwe katika seminari zetu pamoja na somo la kitubio, kwa kalamu mkononi. Padri atakayeketi kesho katika kiti cha maungamo atapokea polisi, ofisa, deputé, labda ministri. Mtu huyo atasema: "Padri, sikuua, niliweka sahihi tu." Siku hiyo padri anapaswa kuwa na moyo wa Natani, na kumwuliza bila kelele: sahihi juu ya nini, na umerudisha nini?